Maji taka katika kijiji cha jangwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya kamati za maji kaskazini mwa Kenya, kuanzia pembezoni mwa jangwa la Chalbi huko Marsabit hadi Wajir. Mengine niliulizwa hadharani, mengine nilinong'onezewa baada ya mkutano, maana habari za choo hazizungumzwi mbele ya wakwe. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale chini ya mgunga. Wewe uliye Turkana, Mandera au Garissa utaona ni yaleyale.

Maji ya kunywa yenyewe hayatutoshi. Maji taka yatatoka wapi?

Kila mtungi unaoingia nyumbani una pa kutokea. Chukua lita 15 kwa mtu kwa siku, kiwango ambacho mashirika ya misaada hukihesabu kuwa cha chini kabisa wakati wa dharura. Chache huishia tumboni na kwenye sufuria. Zilizobaki humwagwa: za kuoga, za kufua, za kuosha vyombo, za kutawadha. Halafu kuna maji yasiyofika nyumbani kabisa, yale yanayodondoka bombani na kufurika kwenye hori la ngamia. Ingia kijiji chochote cha jangwani asubuhi na utaukuta udongo mkavu kama unga pande zote, isipokuwa pale kwenye bomba, ambapo pana tope jeusi, nzi, na watoto pekupeku wakisubiri zamu.

Kwa nini tusivutiwe bomba la maji taka kama mjini?

Swali hili huwa la kwanza mkutanoni, na mara nyingi mheshimiwa fulani huwa ameshaahidi.

Bomba la maji taka linasukumwa na maji. Mavi hayaendi yenyewe. Yanahitaji maji mengi nyuma yake, na kwa kawaida kijiji kinachotumia chini ya lita 50 kwa mtu kwa siku hakiwezi kulisafisha bomba lake. Uchafu hukwama, jua hulipasha bomba moto, na baada ya miezi michache una kilomita mbili za plastiki iliyoziba.

Fanya hesabu mwenyewe. Choo cha kuvuta kinakunywa lita 6 hadi 9 kila unapovuta. Mtu akienda mara nne au tano kwa siku, choo pekee kimekunywa zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20, na mtungi huo kuna mama aliyeubeba mgongoni. Kisha maji yale, yaliyokuwa masafi, sasa yana mavi ndani, na inabidi tutafute pesa za kuyatoa. Shida kubwa ya maji taka vijijini mwetu tunaitengeneza kwa mikono yetu, kwa kuchanganya vitu viwili ambavyo vingekaa mbalimbali bila kelele. Mavi yakikaa makavu, na maji ya sabuni yakaenda kivyake, kazi ya kusafisha inabaki ndogo sana.

Basi tujenge choo gani?

Inategemea kilicho chini ya miguu yako.

Pale ambapo maji ya ardhini yako mbali na udongo unashikamana, choo cha shimo chenye bomba la hewa kinatosha, kisidharauliwe. Penye mchanga, shimo litaporomoka usipolijengea kuta. Watu hutumia matofali ya saruji au mapipa yaliyotolewa vitako. Mapipa huoza haraka kwa chumvi. Bora matofali, yakiachiwa nafasi za maji kupenya.

Penye maji ya karibu, usichimbe. Wajir ndiyo somo letu. Mji ule umekaa juu ya mawe ya chokaa, na watu huchota kwenye visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono. Ukichimba choo unakutana na maji yale yale ambayo jirani anayapikia chai. Ndiyo maana kwa miongo mingi watu wa Wajir walitumia vyoo vya ndoo, na kila ndoo ilihitaji mtu wa kuibeba na kuimwaga. Hakuna aliyekipenda choo hicho, ila ardhi iliwabana.

Mahali pa namna hiyo panafaa choo kikavu cha kutenganisha mkojo, kinachojengwa juu ya ardhi. Kina vyumba viwili. Mkojo unatokea mbele kwa mpira wake, kinyesi kinadondoka nyuma, na kila mtu akimaliza anamwaga kopo la majivu. Chumba cha kwanza kikijaa kinafungwa, cha pili kinaanza. Katika joto la zaidi ya nyuzi 20, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa 2006 unataka kinyesi kikae zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuguswa. Sisi joto tunalo, na majivu ya kuni hayakosekani. Ukifungua chumba baada ya muda huo utakuta kitu kama udongo wa kichuguu.

Sisi tunachamba kwa maji. Choo kikavu si kitalowa?

Kitalowa, na vingi vimekufa hivyo. Mashirika yalileta michoro kutoka kwa watu wanaotumia karatasi, wakajenga, wakapiga picha, wakaondoka. Mwezi wa pili choo kinanuka na mabuu wanatambaa ukutani.

Dawa yake ni ndogo: sehemu ya tatu ya kuchambia, hatua moja pembeni, yenye mfereji wake unaopeleka maji kwenye shimo dogo la kokoto. Mwambie fundi kabla hajamwaga zege. Na wanawake waulizwe wenyewe, bila waume zao kuwajibia.

Choo kikae umbali gani na kisima?

Kanuni inayofundishwa ni mita 30 angalau, na kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu au zaidi juu ya maji ya ardhini. Hiyo ni kwa mchanga na udongo wa kawaida. Kwenye mawe yenye nyufa, mfano chokaa ya Wajir, mita 30 hazikuhakikishii kitu. Maji hukimbia kwenye ufa kama panya. Choo kiwe upande ambao maji ya ardhini yanaelekea baada ya kupita kisimani, wala si kabla.

Maji ya kufulia na kuogea tuyafanyie nini?

Yasitulie juu ya ardhi, na yasiende mbali. Kijiji hakihitaji mtambo kwa ajili ya beseni la kufulia.

Kwa nyumba moja, chimba shimo la kina cha mita moja, lijaze mawe makubwa chini na kokoto juu, kisha weka ndoo kuukuu iliyotobolewa kitako, yenye nyasi kavu ndani, pale maji yanapoingilia. Nyasi hushika mafuta, nywele na makombo. Zitoe kila wiki, weka nyingine. Asiyebadilisha nyasi atachimba shimo jipya kabla ya mwaka.

Kwenye bomba la kijiji, anza na sakafu ya saruji yenye ukingo na mteremko, mfereji mfupi, kisha mtaro uliojazwa kokoto na kupandwa miti miwili mitatu. Kuna kijiji kimoja ambako kamati ilipanda mitende mitatu hapo. Mwaka uliofuata akina mama walikuwa wanapigania kivuli, nzi wamehama, na mzee mmoja aliyekuwa akiupinga mradi wote ndiye aliyejipa kazi ya kuwafukuza mbuzi.

Sabuni haiui mimea?

Sabuni yenyewe huoza. Kinachobaki ni chumvi, na hapa naomba usome polepole, maana ndicho kinachotofautisha jangwa na sehemu nyingine.

Visima vyetu vingi vina maji ya magadi au ya chumvi tangu chini. Sabuni ya unga inaongeza sodiamu. Jua linachukua maji na kuiacha chumvi palepale. Ukiendelea kumwaga mahali pamoja, udongo unafanya ganda jeupe, unakuwa mgumu, hata maji hayapenyi tena. Ukiliona ganda hilo umeshachelewa kidogo. Hamisha pa kumwagia kila miezi michache, tumia sabuni ya mche au ya maji badala ya ya unga ukiweza, na mvua ikinyesha iache ioshe bustani. Panda vinavyovumilia: mtende unavumilia chumvi kuliko karibu kila mti wa matunda. Maharagwe na vitunguu havivumilii. Umeambiwa.

Shule ya bweni na zahanati je? Huko kuna vyoo vya maji.

Huko ndiko maji taka halisi yaliko kwenye vijiji vingi, na ndiko pesa za kusafisha zingepaswa kwenda.

Cha kwanza ni tangi la septiki lenye vyumba viwili. Maji yanatulia, mazito yanazama, mafuta yanaelea, na kile cha katikati kinatoka kikiwa kimepungua uchafu, ingawa vijidudu bado vimo tele. Tuseme wanafunzi 300, kila mmoja lita 20 kwa siku: hizo ni lita 6,000. Ukitaka maji yatulie siku mbili, unahitaji nafasi ya lita 12,000. Lakini tope nalo linataka nafasi yake. Ukihesabu lita 30 za tope kwa mtu kwa mwaka, na unataka kunyonya kila baada ya miaka miwili, hizo ni lita 18,000 zaidi. Umeona? Kwenye jangwa tope linataka nafasi kubwa kuliko maji. Fundi aliyezoea mji hupima maji tu, akajenga tangi dogo, na kabla ya mwaka wa pili tope linatoka upande wa pili.

Niliwahi kuitwa shule moja ambako kila kitu kilikuwa kimeziba. Tangi lilikuwa zuri, bomba zuri, mteremko sawa. Nikainua mfuniko wa chemba ya kwanza. Nikakuta kokoto, laini, za ukubwa wa yai la njiwa, zimepangana kana kwamba mtu amezijenga. Watoto waliokulia nyuma ya mbuzi hujifuta kwa jiwe, na jiwe hutupwa ulipo. Nani aliwaambia vingine? Maji ya choo nayo yalikuwa yakifungwa saa kumi na moja jioni. Hatukugusa tangi. Tulitoa kokoto, ndoo baada ya ndoo, tukaweka pipa la maji na kopo la kuchambia kila mlango, na mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume wakazungumza na watoto bila kuwatania.

Tope la tangi tutalipeleka wapi? Lori la kunyonya liko mbali.

Liko mbali kweli. Kutoka Marsabit mjini hadi North Horr ni karibu kilomita 200 za njia mbaya, na anayelipia mafuta ni wewe. Kwa hiyo usijenge tangi bila kitanda cha kukaushia tope kando yake: sakafu ya mchanga juu ya kokoto, ukuta mfupi pembeni, na mfereji wa kurudisha maji tangini. Tope linatolewa kwa pampu ya mkono na kumwagwa unene wa kiganja au viwili. Kwa jua letu, baada ya wiki mbili tatu linapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka na linachoteka kwa koleo. Lirundike mahali pa mbali na lenye uzio, likae zaidi ya mwaka. Mayai ya minyoo ni magumu kuliko unavyodhani.

Nimesikia mabwawa ya maji taka ndiyo rahisi kuliko yote.

Ni rahisi, na joto linayapenda. Yale ya Ruai yanayopokea uchafu wa Nairobi ni mabwawa hayo hayo: jua, mwani, upepo na muda. Hayana mashine ya kuharibika.

Ila jangwani jua linafanya kazi kupita kiasi. Chalbi, maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, karibu milimita 7 kila siku. Bwawa la mita 30 kwa 30 litapoteza kama lita 6,300 kwa siku. Shule yetu ya watoto 300 inatoa lita 6,000. Yaani hakuna kitakachotoka upande wa pili. Mmejenga sufuria ya kuchemshia chumvi. Kama lengo ni kuyapoteza maji tu, sawa, na likizibwa chini lisivuje linafanya kazi. Kama mnataka maji ya kumwagilia miti, bwawa litawanyima.

Na vitanda vya matete?

Hivyo navipenda zaidi kwa shule na zahanati. Maji yakitoka tangini yanapita polepole chini ya kokoto, mizizi ya matete ikiwa humo, na hayaonekani juu. Jua haliyafikii, mbu hana pa kutagia, mtoto hana pa kutumbukia. Matete nayo hunywa maji, hilo lisifichwe, lakini kitanda ni kidogo kuliko bwawa. Anayedhani matete hayaoti jangwani aulize jamaa zake walioko Oman: huko Nimr kuna mamia ya hekta za matete katikati ya mchanga, yanayosafisha maji yatokayo kwenye visima vya mafuta.

Maadui ni wawili. Wa kwanza ni tangi lisilonyonywa, maana tope likiingia kwenye kokoto kitanda kimekwisha. Wa pili ni mathenge. Mti huo ukinusa maji taka mizizi yake inaingia kwenye kila kiungo cha bomba. Wazee wa Baringo walimfikisha mbuzi aliyeng'oka meno hadi mahakamani kuonyesha madhara ya mathenge. Mimi ningepeleka bomba. Ung'oe ungali mche.

Harufu?

Choo kikavu kinachonuka kimeingia maji au kimekosa majivu. Tangi linalonuka lina mfuniko mbovu au bomba la hewa fupi. Mara nyingi hakuna siri nyingine.

Maji taka ndiyo yanayoleta malaria?

Mbu wa malaria hupendelea maji yaliyo masafi kiasi. Anayezaana kwenye maji machafu ni yule mwingine anayekunyima usingizi. Wa homa za dengi na chikungunya anapenda mapipa na mitungi ya maji safi nyumbani, kwa hiyo funikeni mapipa. Mandera mwaka 2016 ilipata kipindupindu na chikungunya kwa wakati mmoja, na ukitazama yote mawili yanarudi kwenye namna tunavyokaa na maji. Kipindupindu ndicho cha kuogopa zaidi kwenye maji taka. Kinaua kwa saa.

Tunaweza kumwagilia mboga?

Miti, ndiyo. Majani ya mifugo, ndiyo kwa masharti. Sukuma wiki na mboga za kupikwa, kwa uangalifu mkubwa. Nyanya na kachumbari, hapana.

WHO mwaka 1989 iliweka kiwango kwa mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mwongozo wa 2006 ukaja na wazo linalotufaa zaidi sisi tusio na maabara: weka vizuizi vingi mfululizo. Tangi ni kimoja, kitanda cha matete cha pili, kumwagilia chini kwenye shina badala ya juu ya jani cha tatu, kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna cha nne, kupika cha tano. Buti na sabuni kwa mtunza bustani visisahauliwe. Minyoo ya safura huingilia kwenye nyayo.

Ng'ombe na mbuzi wakinywa?

Zungushia uzio wa miiba, imara. Majani yaliyomwagiliwa yakatwe, yaanikwe, ndipo wapewe. Mayai ya tegu yakiingia kwa ng'ombe yanarudi kwako kwenye nyama isiyoiva.

Maji yaliyosafishwa ni twahara?

Muulize sheikh wako, lakini usiende mikono mitupu. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilitoa fatwa kwamba maji taka yakisafishwa mpaka yakarudi kwenye hali yake, bila rangi, ladha wala harufu ya najisi, yanakuwa twahara na yanafaa hata kwa udhu; kuyanywa likashauri kujiepusha kwa ajili ya afya. Kitanda cha matete cha shule hakiyafikishi maji kwenye daraja hilo. Kwa mitende hakuna anayebishana.

Mvua huku hainyeshi. Kwa nini mnatukataza kujenga karibu na laga, mkondo wa mto mkavu?

Kwa sababu ikinyesha inanyesha yote kwa siku moja. Laga iliyokauka miaka mitatu inashuka na maji usiku, inafukua mashimo ya vyoo na kuyamwaga visimani. Mwulize mzee maji yalifika wapi mafuriko ya mwisho, kisha ujenge juu zaidi ya hapo.

Kazi hii ni ya nani, serikali au sisi?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi na ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na huduma hizo ziko mikononi mwa kaunti. Kumwaga maji taka kwenye mazingira kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hata kama ni shule. Barua iandikeni, mkahudhurie vikao vya bajeti ya kaunti. Kijiji kisichokwenda hakiandikwi. Lakini kubadilisha nyasi kwenye ndoo hakuna gavana atakayekuja kukufanyia. Mtu mmoja alipwe, hata kidogo, kutoka kwenye pesa mnazolipia mtungi bombani.

Tunaletewa mtambo wa kisasa wa bure. Tukatae?

Waulize mambo matatu: unakula umeme kiasi gani, kipuri kinauzwa wapi, na nani kati yetu ataufungua ukikwama. Wakianza kuonyesha picha badala ya kujibu, washukuruni kwa chai.

Tangi limeziba. Kijana mwembamba anaweza kuingia kulizibua?

Hapana. Hata kwa dakika moja, hata kama limeshamwagwa maji yote. Humo mna gesi nzito inayonuka kama yai viza. Ikizidi pua haiisikii tena, na hapo ndipo mtu anaanguka. Wa pili anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Fungua mifuniko yote, ondoka, usiwashe sigara wala kiberiti karibu, na ufanye kazi ukiwa umesimama nje, kwa mti mrefu wenye ndoana mwishoni. Mti huo ukatwe leo, uhifadhiwe stoo, na mwenye ufunguo ajulikane.